Saa za Nani?

Binti akiacha masomo katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Tarime, neno la kwanza kusemwa juu yake ni kwamba hakuwa na bidii. Nalikataa neno hilo. Bidii ni namna ya kuutumia muda, na hakuna awezaye kutumia asichokimiliki. Kabla ya kupima juhudi ya mwanafunzi, basi, tuulize saa zake ni za nani.

Tarime na Serengeti jibu halijifichi. Kumkeketa mtoto ni jinai tangu 1998, lakini msimu wa ukeketaji bado huja Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na kwa wengi aliyekeketwa huhesabiwa tayari kwa ndoa. Ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini kwa baba, siku ya binti hupangwa na wengine: maji, kuni, shamba, kisha mtoto. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliunga mkono hukumu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu walioacha shule kwa ujauzito warudi. Haya ni makubwa, ila ruhusa ya kusoma haimpunguzii mtu ndoo hata moja ya maji.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975 kwa kuiga vya Sweden, vimepata jibu lisilo na mbwembwe. Katika programu ya Elimu Haina Mwisho, binti hujiandaa kwa Mtihani wa Maarifa huku akijifunza fani, na mama huruhusiwa kuja na mwanawe. Mtoto hunyonyeshwa, hukabidhiwa mlezi, na mama hukaa kwenye cherehani hadi mapumziko. Mlezi huyo hutajwa kama hisani. Kwangu mimi ni sehemu ya ufundishaji sawasawa na mwalimu, maana bila yeye somo halina wa kulisikia.

Wapo watakaosema mbona wengine walisoma kwa koroboi, mtoto mgongoni, wakafaulu. Ni kweli, na heshima yao. Lakini hao walilipa mara mbili kwa kitu ambacho wenzao walilipia mara moja, na chuo cha umma hakijengwi kwa ajili ya mashujaa peke yao. Pingamizi zito zaidi ni la haki: kwa nini fedha za wote zimlee mtoto wa mmoja, ilhali binti aliyevumilia shuleni hapewi ziada yoyote? Ingekuwa ziada kama ingempita mwenzake. Mlezi humrudishia mama saa ambazo yule wa shuleni anazo tayari, tena si zote, kwani jioni akirudi nyumbani ndoo inamngoja, na huko mkono wa chuo haufiki. Kwa hiyo daftari la mahudhurio linapoandika "mtoro", safu ya pili ingefaa ieleze siku hiyo alikuwa akimfanyia nani kazi.