Kengele au Vitabu?

Ndugu msomaji, ni kipi kiufaacho zaidi mji mdogo: kengele au vitabu? Mwaka 1778 watu wa mji mmoja katika Massachusetts, Marekani, waliuita mji wao Franklin, kwa heshima ya Benjamin Franklin. Baadaye akaombwa awape kengele ya kanisa lao. Naye, mwaka 1785, akaagiza wanunuliwe vitabu, kwa kuwa alipenda maana kuliko mlio. Vikaja vitabu 116. (Nadhani wako walionung'unika.)

Lakini kengele ikilia husikiwa na wote pamoja, tajiri na maskini, wala hakuna awezaye kumnyima jirani sauti yake. Kitabu sivyo: mmoja hukishika, na mwenziwe hungoja. Basi wakashindana juu ya nani aruhusiwe kuviazima. Mwenye kuogopa vitachafuka asidharauliwe, maana karatasi hupasuka upesi. Walakini zawadi iliyotolewa kwa mji mzima, wachache wakiifungia sandukuni, je, hawakumnyang'anya jirani haki yake? Mwaka 1790 mkutano wa mji ukakata shauri kwamba wenyeji wote waazime bila malipo. Vitabu vya zawadi ile vingali vikitunzwa katika maktaba ya mji huo.