Muzee akisahau, heshima inakwenda wapi?

Katika mikutano yetu tunapenda kusema kwamba muzee ni maktaba. Ni maneno mazuri, lakini yana hatari. Kama tunamuheshimu kwa ajili ya vitabu, siku vitabu vikipotea tutafanya nini na nyumba?

Tunajua yanayotokea. Mama anauliza neno moja mara kumi. Anatoka usiku, anapotea kwenye avenyu aliyoishi miaka 40. Majirani wanaanza: «Ule mama ni mulozi.» Wengine wanacheka: «Ni uzee tu.» Wote wamekosa. Ni ugonjwa wa ubongo. Munganga Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza aina yake moja mwaka 1906. Kwa hesabu ya OMS, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa wa namna hiyo, na zaidi ya 60% yao wako katika inchi za mapato ya chini na ya kati. Dawa ya kuuponyesha haijapatikana.

Sasa, heshima si mshahara wa akili. Mtoto mchanga hajui jina la mtu, lakini tunamubeba. Yule mama alitubeba vile. Deni halifutiki eti kwa sababu mwenye kulidai amelisahau.

Lakini heshima bila ujuzi inaishia kumufungia mgonjwa chumbani, na ujuzi unaomba franga. Vipimo vingi vilitengenezwa Ulaya na Marekani. Kimoja kinamuomba mgonjwa achore saa ya ukutani. Mama asiyepata kushika kalamu anaweza kushindwa, hata akiwa na akili timamu! Ndiyo maana utafiti ufanyike kwetu, kwa luga zetu. Kinshasa watafiti wamekwisha kuanza. Kazi hiyo isiachiwe franga za wageni peke yake.

Mtu ataniuliza: na malaria, na vita? Ni kweli, mfuko ni mdogo. Lakini tazameni kilio. Muzee akifa, kwa siku mbili familia inachanga sanduku, viti, chakula. Kumbe franga zinapatikana! Tunazitoa kwa aliyekufa, tunamunyima aliye hai anayepotea polepole.

Sisemi tuache kuzika vizuri. Nasema kila shirika litenge fungu dogo la michango ya kilio kwa wazee walio hai: kulipa munganga, kufundisha kartye kwamba kusahau si ulozi, kusaidia watafiti wetu. Mababu walituachia desturi ya kuchanga. Saa ya kuchanga, ni sisi tunaichagua.