Gari Linalala Wapi?

Ndugu zangu wa Ipuli, fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 19. Mungu anawaamuru Waisraeli watenge miji ya makimbilio kwa aliyeua bila kukusudia, na papo hapo anawapa hesabu: nchi igawanywe mafungu matatu, njia itengenezwe, maana safari ikiwa ndefu anayekimbia atauawa njiani. Mafungu matatu! Hakusema mji mmoja mkubwa karibu na nyumba ya mkuu. Yoshua akamaliza kazi: Kedeshi, Shekemu, Hebroni, na mitatu mingine ng'ambo ya Yordani.

Sasa niambieni: gari la wagonjwa linalala wapi?

Sisi gari likikabidhiwa tunapiga vigelegele, utepe unakatwa, tunarudi nyumbani. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya muda wa saa mbili tu, na muda huo hausubiri dereva aamshwe.

Mwaka 1974, huko Marekani, Richard Church na Charles ReVelle waliligeuza swali langu kuwa hesabu: kama magari ni machache, yakae wapi ili watu wengi iwezekanavyo wafikiwe ndani ya dakika zilizopangwa? Mwaka 1983 Mark Daskin akaongeza neno linalouma: gari lililotoka halipo. Tuseme gari lina shughuli saa 8 kati ya 24. Ukilihitaji mara 3, mara 1 utalikosa. Lete la pili, nalo lina shughuli vilevile, bila kutegemea la kwanza: utayakosa yote mawili mara 1 kati ya 9. Hesabu ya shule ya msingi hii, wapendwa!

Babu zetu wapagazi waliijua hesabu hii ya mahali pa kukaa. Kambi ya msafara ilifuata maji, pale ambapo mwenye mzigo angefika jua halijamshinda.

Tunayo 115, nambari ya simu ya dharura isiyo na malipo. Mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwita dereva wa mtaani kumchukua mjamzito au kichanga gari la hospitali lisipopatikana. Dereva huyo naye, analala wapi?

Vijana wa bodaboda, nawaita! Pimeni dakika kutoka kila mtaa wa Ipuli hadi Hospitali ya Kitete, kwenda na kurudi, saa nane usiku, na tena siku ya mvua. Andikeni kwenye daftari. Wazee wa kanisa, msilifungie kabatini na vitabu vya sadaka. Lisomwe kwa sauti katika mkutano ujao wa mtaa, kabla ya ajenda ya utepe.