Bandu Bandu, Hata Neno la Herufi 19

Watakapotutembelea. Litamke kwa sauti. Umeona? Hukusita, hukujikwaa. Umetoa silabi tisa kwa mkupuo mmoja: wa-ta-ka-po-tu-te-mbe-le-a.

Sasa likabili lile jitu linalokutisha tangu uingie chuo cha uuguzi: otorhinolaryngology. Herufi 19! Likiandikwa ubaoni unainamisha kichwa, unaomba mkufunzi asikuite. Inua kichwa, ndugu yangu. Nalo lina silabi tisa tu, na silabi tisa unazimudu tangu utotoni.

Bandu bandu huisha gogo. Shika shoka, tupasue: o-to-rai-no-la-ri-ngo-lo-ji. Ile h inayofuata r ni bubu, ipite. Rai itoke kwa pigo moja. Ngo ni ile ile ya ngoma, ulimi wako unaijua. Mtego uko kwenye mkazo. Kiswahili kimetuzoesha kukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa kaza ya tatu kutoka mwisho: NGO-lo-ji. Anzia mkiani: ngoloji. Rudi nyuma: laringoloji. Rudi tena: rainolaringoloji. Kisha kamilisha na oto. Limeanguka!

Usiishie kwenye sauti. Kama wa, ta na tu zinavyobeba maana katika neno letu, vipande hivi navyo vina maana, na asili yake ni Kigiriki: oto ni sikio, rhino ni pua, laryngo ni zoloto, logy ni elimu. Ukivishika, otitis itakuambia yenyewe kwamba ni ugonjwa wa sikio, rhinitis wa pua, laryngitis wa zoloto. Umepasua gogo moja, umepata kuni za mwaka mzima.

Basi usiku wa leo usilisome kimoyomoyo. Liseme mara kumi, mdomo ulizoee. Kesho mkufunzi akiuliza, nyoosha mkono wewe wa kwanza.

Maana iko siku bibi mmoja atakushika mkono wodini, karatasi ya rufaa mkononi mwake, akuulize: "Mjukuu wangu, wananipeleka wapi?" Nawe utamjibu bila kubabaika: "Kwa daktari wa masikio, pua na koo, bibi." Atashusha pumzi. Aliyelipasua gogo ndiye awezaye kumgawia mwenzake kuni.