Nguvu ya kupanda na akili ya kushuka



Kikundi chetu cha kufa na kuzikana hapa Tukuyu kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya gari. Gari halikuibiwa, wala fedha hazikuliwa. Gari lenyewe lilikuwa hata halijanunuliwa. Tulichogombania ni gari la aina gani tununue. Nimeona nilieleze jambo hili hadharani kwa sababu ndani yake lipo swali linalomhusu kila mwenye kushika mali ya wenzake.

Kwa wasiolijua eneo letu, Rungwe ni wilaya ya milima na mvua. Ukitoka Uyole barabara inapanda hadi Isyonje, juu ya mita 2,000, kisha inateremka kupitia Isongole na Kiwira mpaka hapa mjini. Ukiendelea kusini unateremka tena, karibu mita 1,000 kwenda chini, hadi Kyela karibu na Ziwa Nyasa. Mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000. Barabara kuu ni ya lami, lakini wagonjwa wetu hawaugui kwenye lami. Wanaugua Mwakaleli, Kandete, Masoko, huko ambako udongo ukilowa unateleza kama sabuni. Tulichanga miaka minne ili tupate gari la kuwawahisha hospitali, na kuwapeleka wafiwa msibani. Wachangiaji wengi ni akina mama wauza ndizi na viazi pale sokoni.

Fedha zilipotimia, watu watatu tulitumwa Mbeya kwenye yadi za magari, nami nikiwa mmoja wao. Tulirudi na majina mawili. La kwanza ni Suzuki Escudo, injini ya lita 2, gia za kubadilisha kwa mkono, yaani manyuo. La pili ni Toyota Prado, injini ya lita 3.4 yenye silinda 6, gia otomatiki. Yote mawili yanavuta kwa magurudumu manne na yana gia nzito ya matopeni. Prado lilizidi bei, lakini alhaji mmoja, mfanyabiashara na mtu mwema, alijitolea kuongeza kilichopungua kwa sharti moja tu, kwamba tuchukue Prado. Alisema kikundi cha Waislamu nacho kionekane kina hadhi.

Nakiri mbele yako msomaji kwamba mimi nilikuwa upande wa Prado. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Nilisema hewa ya milimani ni nyepesi na kila injini hupungukiwa nguvu kadiri inavyopanda, basi tuanze na injini yenye akiba. Nilisema gari likipakia watu sita na mgonjwa, injini ndogo itateseka. Nilisema otomatiki haichoshi mguu kwa klachi. Yote hayo ni kweli. Ambalo sikulisema ni kwamba usiku ule nililala nikijiona nateremka kutoka kwenye Prado mbele ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, na watu wakiangalia.

Kikao kilichofuata, mama mmoja muuza ndizi alinyoosha mkono. Akaniuliza: "Ustadhi, hilo gari mkishalinunua, mafuta yake atanunua nani?" Hatukuwa na jibu. Fundi tuliyekuwa naye akapiga hesabu yake. Kwa milima yetu Prado lile lingekwenda kilomita 6 hivi kwa lita moja, na Escudo kilomita 10. Mbeya kwenda na kurudi ni kama kilomita 140. La kwanza litakula lita 23, la pili lita 14. Lita tisa kila safari, na mlipaji ni yule mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Alhaji alikuwa anatusaidia kununua gari. Kulitunza hakukuwemo katika ahadi yake.

Kisha akasimama mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi njia ya Kyela. Akaniambia: "Mwanangu, wewe unazungumzia kupanda tu. Injini ikishindwa kupanda, gari linasimama, mnashuka, mnasukuma, mnacheka. Mimi niliowazika hawakufa wakipanda."

Maneno yale yalinikata. Hebu tuyafikirie. Breki hufanya kazi kwa msuguano. Ukizikanyaga mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto, na zikizidi moto hazishiki tena. Mafuta ya breki yakichemka, pedali inazama hadi chini na gari linaendelea. Dawa yake kila dereva wa milimani anaijua: kabla ya kuanza kuteremka, punguza mwendo, shusha gia, acha injini yenyewe ilishike gari, na breki ziwe za kusaidia. Wengine wanafanya kinyume. Wanaweka nyutro ili kuokoa mafuta, wanaliachia gari lijiendee, na wengine hawarudi nyumbani.

Hapa lazima niwe muadilifu. Otomatiki nayo ina gia za chini, na dereva makini anaweza kuziteua kwa mkono na kuteremka salama. Dereva mzembe wa manyuo ni hatari kuliko dereva makini wa otomatiki. Wala injini kubwa si dhambi. Ikishushiwa gia, injini kubwa hushika vizuri tu. Kwa hiyo asije mtu akasema Ustadhi ameharamisha Prado. Tofauti niliyoiona ni ya tabia. Gari la manyuo linamlazimisha dereva kuamua kila kona. Hawezi kuufikia mteremko bila kujiuliza, nimo kwenye gia gani? Gari kubwa la otomatiki linamruhusu kusahau, na lina nguvu za kutosha kumfanya adhani kusahau kwake hakuna gharama. Nasi tulikuwa tunanunua gari litakaloendeshwa na vijana wa zamu, usiku, kwenye ukungu, wakiwa na haraka ya mgonjwa.

Ndipo likanijia swali ambalo nimekuwa nikilifundisha darasani bila kulionja. Nguvu ni nini? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye nguvu hapimwi kwa kuwabwaga wenzake katika mieleka, bali kwa kuimiliki nafsi yake anapokasirika. Nilikuwa nikiisoma hadithi hiyo kama mafundisho ya hasira peke yake. Sasa naiona pana zaidi. Uwezo wa kwenda mbele watu wote wanautamani na wanausifu. Uwezo wa kujizuia hauna mshangiliaji, maana ukifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea. Nani amewahi kumpigia makofi dereva kwa sababu amefika chini taratibu?

Angalia katika mambo yetu mengine. Kijana anaoa, mchango wa harusi unapanda mlima kwa kishindo, na mwezi wa pili hana kodi ya nyumba. Msikiti unajengwa mnara mrefu, na maji ya udhu yanakatwa kwa deni. Kiongozi anapata cheo, na hakuna aliyemuuliza siku ya kuomba kura atakiachaje. Mara zote tunanunua nguvu ya kupanda, na akili ya kushuka tunaiacha dukani.

Katika elimu ya fiqhi ipo kanuni mashuhuri kwamba kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kuvuta manufaa. Kwa mali yako mwenyewe unaweza kubahatisha kidogo ukalaumiwa peke yako. Kwa mali ya amana kanuni hiyo inakuwa nzito zaidi. Mwenye kuchagua kwa niaba ya wengine hachagui kinachompendeza jicho. Anajiuliza kwanza, likiharibika litaharibika vipi, na nani atalipa? Na katika Surat Luqman tunamwona baba akimuusia mwanawe asitembee kwa maringo na awe wa wastani katika mwendo wake. Sikuwahi kufikiria kwamba wasia huo unaingia hadi kwenye giaboksi.

Niligeuza kura yangu. Tukanunua Escudo. Alhaji alinyamaza, akaondoa fedha yake, na kwa miezi kadhaa hakuhudhuria kikao. Hilo lilituuma, na naona tulikosea namna ya kumjibu, kwa sababu tulimjibu kikaoni badala ya kumfuata nyumbani. Kukataa sharti la mtu hakukupi ruhusa ya kumvunjia heshima. Baadaye tulikwenda wanne, tukamwomba radhi, na alitupokea.

Sasa nimalizie na jambo ambalo bado linanisumbua. Usiku mmoja wa masika tuliitwa upande wa Mwakaleli kumchukua mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemzidi. Kurudi, kwenye mlima wa matope, Escudo lilipanda kwa gia ya kwanza, gia nzito, injini ikilia kama inayoomba msamaha. Mume wake alikuwa amekaa nyuma ameshika mkono wa mkewe. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, hamkupata gari lenye nguvu zaidi ya hili?"

Sikumjibu. Hesabu ya lita tisa haina maana kwa mtu aliye katika hali ile. Kila uchaguzi wa busara una mtu mmoja, saa moja, atakayelipa gharama yake, na si haki kumsomea kanuni. Tulifika kileleni. Mbele yetu ulikuwa mteremko mrefu, mvua, giza. Dereva wetu, kijana wa miaka 24, hakuambiwa na mtu. Alisimamisha gari, akaingiza gia ya pili, akaachia klachi taratibu, na gari likaanza kushuka likijishika lenyewe, mguu wake ukiigusa breki mara chache tu. Ndani ya gari kukawa kimya. Tulifika hospitali, na alhamdulillahi mama na mtoto walisalimika.

Je, Prado lingefika mapema? Huenda. Je, lingekuwa na mafuta usiku ule, mwezi ambao bei ya ndizi ilikuwa imeanguka na michango imesuasua? Hapo ndipo ninapopata utulivu kidogo, ingawa si wote.

Ndugu msomaji, kabla hujauliza kitu kina nguvu kiasi gani, uliza kitashikwa na nini kikianza kuteremka. Na kama fedha si zako, uliza mara mbili.

Wallahu aalam.