Nani Anaosha Vyombo?

Saa mbili usiku, chakula kikishaondolewa mezani, mpwa wangu huleta kopo la vizibo vya soda na daftari lake. Ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Mama yake, dada yangu mkubwa, muda huo huwa ndiyo kwanza amevua viatu vya kazini, au tayari amesinzia kwenye kochi huku taarifa ya habari ikiendelea bila yeye. Mimi nimekaribishwa hapa Kimara ili nisilipe kodi ya chumba wakati nasoma shahada ya umahiri, kwa hiyo mwalimu ni mimi. Hakuna aliyeniajiri. Siku moja mtoto alinisomea ukurasa mzima wa kitabu chake bila kukwama. Nilipofunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Alikuwa amekariri. Tangu siku hiyo tuna darasa.

Kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili kuna raha yake, kwa sababu kinachoandikwa karibu kila mara ndicho kinachotamkwa. Tulianza na a, e, i, o, u, tukaenda ma, me, mi, mo, mu, na wiki chache baadaye aliunganisha "me" na "za" akakuta amepata kitu alichokuwa amekiegemea kwa viwiko. Akaigusa meza, kana kwamba nayo imesikia ikitajwa.

Kwenye hesabu alinishangaza zaidi. Tulikuwa tunahesabu vizibo, tukafika kumi na tisa, nikamuuliza inayofuata. Akafikiri. "Kumi na kumi," akasema. Nilicheka, halafu nikaona kwamba hajakosea. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, lugha inamwonyesha mtoto namba imejengwaje. Ishirini, thelathini na arobaini zilitufikia kutoka Kiarabu, na kwa mtoto ni majina tu ya kumeza. Jibu lake lilionyesha kwamba ameelewa jambo ambalo kukariri kusingempa. Usiku ule nililala nikijiona mtu mwema.

Muhula huohuo, kwenye semina ya falsafa ya maadili, tulikuwa tunasoma kuhusu usawa na familia. Swali ni la zamani. Plato, katika Jamhuri, alitaka watoto wa walinzi wa dola walelewe kwa pamoja, mzazi asimjue mwanawe wala mwana asimjue mzazi, ili "changu" na "chako" visije vikaigawa dola. Karibu na zama zetu, Harry Brighouse na Adam Swift waliandika kitabu kiitwacho Family Values, kilichotoka mwaka 2014, na mwaka uliofuata Swift alihojiwa kwenye redio ya Australia. Alisema, kwa maana, kwamba mtoto anayesomewa hadithi kabla ya kulala anapata faida maishani kubwa kuliko hata ile ya shule za kifahari, na kwamba si vibaya mzazi akakumbuka mara mojamoja kuwa faida hiyo haiwafikii watoto wa wengine.

Darasani tulicheka. Mmoja wetu alisema ukishiba sana ndipo unapopata muda wa kuonea aibu hadithi za watoto. Lakini mimi sikucheka kwa moyo wote, kwa sababu nilijua hali ya darasa la mpwa wangu. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu mwaka 2015 umewekwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na tangu mwaka 2016 shule za umma zinafuata sera ya elimu bila malipo, jambo lililowaleta darasani watoto ambao wangebaki nyumbani. Ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye watoto waliojaa hadi mlangoni hawezi kupita kwa kila mmoja akifunika picha kwa kiganja. Mpwa wangu anafunikiwa picha. Anayekaa naye dawati moja, huenda hafunikiwi. Mwisho wa mwaka mmoja ataitwa ana akili na mwingine ataitwa mzito.

Brighouse na Swift wenyewe hawasemi tuache. Wanasema kumsomea mtoto ni sehemu ya ukaribu wa mzazi na mwana, na ukaribu huo una thamani ambayo hatupaswi kuitoa kafara kwa ajili ya usawa. Kununua nafasi kwenye shule ya kifahari ni jambo jingine, maana upendo unaweza kuishi bila hiyo. Jibu hilo nililipokea kwa mikono miwili. Kopo la vizibo lilikuwa upendo, basi lilikuwa halali. Niliandika hivyo kwenye insha yangu na nikapata alama nzuri.

Kitu ambacho sikukiandika, kwa sababu sikukiona, kilikuwa jikoni.

Nyumba hii ina dada wa pili. Ana miaka kumi na tisa, ametoka Singida, aliacha shule akiwa darasa la tatu mama yake alipougua. Ndiye anayeamka wa kwanza, anayemwogesha mtoto, anayempeleka shule na kumrudisha. Sote tunamwita Dada, hata mimi niliyemzidi miaka saba. Ni neno la heshima, na pia ni neno linalotuwezesha kukaa na mtu miaka miwili bila kulitamka jina lake.

Dada hajui kusoma, au tuseme alijua herufi kadhaa. Hesabu za fedha anazijua kuliko mimi. Mtume gengeni na noti ya elfu kumi, atarudi na nyanya, vitunguu, dagaa na chenji kamili, na akipunjwa shilingi mia mbili atageuza njia. Ila meseji zikiingia kwenye kiswaswadu chake alikuwa ananiletea mimi. "Kaka, hebu nisomee." Nikawa namsomea.

Jioni moja iliingia meseji kutoka kwao. Niliisoma kwa sauti, mtoto akiwa pale. Baadaye, kwa sababu iliandikwa kwa namna ya kuchekesha, nikamsimulia dada yangu. Kesho yake dada yangu akaitania habari ile wakati wa kula, bila nia mbaya. Dada alitabasamu, akachukua sufuria, akarudi jikoni. Sitaandika hapa ile meseji ilisema nini. Nimeshaisoma kwa sauti mara moja zaidi ya ilivyostahili.

Baada ya hapo hakuniletea tena simu.

Wiki mbili tatu zikapita. Dada yangu akaanza kulalamika kwamba Dada amekuwa mzito kwenye vyombo: sahani tano na sufuria mbili, saa nzima! Nami nilikuwa nimeona jambo, ila sikuwa nimelipa maana. Kila tulipoanza kusoma, kelele za vyombo jikoni zilikuwa zinapungua. Usiku mmoja mtoto alikwama kwenye "ng'ombe". Alijaribu "n", akajaribu "go", akaninunia. Nikamwacha ahangaike kidogo. Ndipo nikasikia, kutoka jikoni, sauti ya chini sana ikijaribu pamoja naye: ng'a, ng'e, ng'i, ng'o. Niliinuka kwenda kunywa maji. Dada alikuwa amesimama kwenye beseni, mikono imezama hadi kwenye viwiko, sahani moja mkononi, povu limekwisha zamani.

Alikuwa anaosha polepole ili asikie.

Hapo ndipo swali la semina liliponigeukia. Tulikuwa tumejadili haki ya mzazi na haki ya mtoto wa jirani, tukapima upendo upande mmoja na usawa upande mwingine. Hatukuuliza hata mara moja saa ya kusoma inatoka wapi. Ile nusu saa yangu na mpwa wangu, niliyoiona kama zawadi kutoka moyoni mwangu, ilikuwa imelipiwa. Niliweza kukaa mezani kwa sababu kuna mtu aliyesimama kwenye beseni. Nilikuwa natoa sadaka kwa mkoba wa mwingine, tena mwingine huyo akikosa kitu kilekile nilichokuwa nagawa.

Kwa hiyo sidhani tena kwamba kumfundisha mtoto wako nyumbani ni dhuluma, lakini pia sidhani kwamba upendo peke yake unaisafisha. Kabla ya kuuliza kama nina haki ya kumpa mtoto wangu zaidi ya wanavyopata wengine, kuna swali lililo karibu zaidi: huyu ambaye kazi yake ndiyo inayoniwezesha kutoa, nimemrudishia nini? Mshahara ni jibu, ila haujitoshelezi, hasa pale ambapo ninachonunua kwa mshahara huo ni muda wa kumsomesha mtu mwingine mbele ya masikio yake.

Kesho yake nikamwambia Dada aje akae nasi mezani. Nilidhani atafurahi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

"Nikasome kitabu cha bata mbele ya mtoto ninayemwogesha?" akasema. "Kesho nikimwambia avae sweta, atanisikiliza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwandalia kiti cha mtoto wa darasa la kwanza na nilitarajia ashukuru. Nikamuuliza, basi anataka nini. Hakusita.

"Nataka kusoma meseji zangu mwenyewe."

Dada yangu nilipomweleza, alinyamaza kwanza, kisha akasema kitu ambacho wengi hufikiri bila kukisema: "Akijua kusoma ataondoka." Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Ukweli ni kwamba nilimwelewa. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi usafiri wa Posta, anarudi giza limeingia, na analea peke yake. Dada akiondoka, si kwamba vyombo vitakosa mwoshaji tu. Mtoto atakosa mtu wa kumpokea shuleni. "Wewe una mitihani, halafu utahama," akaongeza. "Mimi ndiye nitakayebaki." Ilikuwa kweli.

Lakini hata jambo la kweli linaweza kuwa sababu mbaya. Hofu yake ilikuwa na msingi, na bado haikumpa haki ya kutaka mtu abaki gizani ili nyumba iendelee kuwa na mwanga. Anayebaki kwa sababu hana njia nyingine hajachagua kubaki. Nilimwambia hivyo kwa maneno ya upole kuliko haya. Akanijibu kwamba maneno hayaoshi vyombo.

Alikuwa sahihi, na nikamshukuru kwa kunipa wazo.

Mwaka 1964, akizungumzia Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Nyerere alisema kwa maana kwamba lazima tuanze kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa watoto watachukua miaka mingi kabla ya mchango wao kuonekana. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi, na nyumbani kwetu si ya kiuchumi. Lakini mpangilio wake ulinisumbua. Sisi tunaosomesha watoto nyumbani tumeshazoea kuona mustakabali una umri wa miaka sita. Aliye na miaka kumi na tisa tunamhesabu kama jambo lililokwisha kupita, ilhali bado ana maisha yake yote mbele.

Sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naosha vyombo mimi. Si jambo la kujisifu; kwa wiki mbili za mwanzo niliacha mafuta kwenye sufuria, na Dada alizirudia asubuhi bila kusema kitu. Yeye muda huo anakuwa chumbani kwake, mlango umerudishwa. Vyombo vikiisha nabisha hodi, tunakaa barazani dakika ishirini. Hatutumii kitabu cha bata. Tunatumia simu yake: meseji za salio na za kupokea pesa. Hizo zilikwenda haraka, kwa sababu namba alizijua na maneno yaliyozizunguka aliyakisia. Kisha nikawa namwandikia meseji kutoka simu yangu, naye ananijibu. "Kesho nunua mkaa." "Mkaa upo." Za kutoka kwao hatujawahi kuzigusa. Sikuuliza.

Najua hili halimalizi lolote kubwa. Yule mtoto wa dawati moja na mpwa wangu bado yuko alipokuwa, na mwalimu wao bado ni mmoja. Huenda pia dada yangu akawa kweli, Dada akaondoka. Nimeamua kwamba hilo likitokea sitalihesabu kama hasara iliyosababishwa na kusoma. Bado tutakuwa tumempa sehemu tu ya tulichokuwa tunadaiwa.

Juzi Jumatano, nikiwa kwenye beseni, mtoto akihesabu vizibo vyake peke yake mezani, nilisikia Dada akicheka chumbani. Alitoka na simu mkononi, bado anatabasamu, akaja kuchukua maji.

"Wanasemaje huko kwenu?" nikamuuliza, kwa mazoea.

"Mambo yangu, kaka," akasema, akarudi chumbani na kurudisha mlango.