Chembe Sahani na Faradhi ya Damu Garissa

Damu haitengenezwi ndani ya mishipa inamopita. Kwa mtu mzima hutoka katika uboho wa mifupa kama nyonga, mbavu na kidari, ambamo seli shina hujigawa maisha yote. Baadhi ya vizazi vyake huwa chembe nyekundu, vingine chembe nyeupe: nyutrofili zinazowahi penye jeraha na kumeza bakteria; monositi ambazo zikishaingia katika viungo huwa makrofaji, yaani seli mlaji; na limfositi, ambazo kundi lake moja hukomaa katika tezi ya thaimasi kifuani na kufunzwa kutofautisha cha mwili na cha kigeni. Chembe sahani zina asili ya ajabu zaidi. Ni vipande visivyo na kiini, vinavyomeguka kutoka seli kubwa iitwayo megakariositi, na kazi yake ni kuziba mshipa uliochanika. Mtu mwenye afya huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu.

Hakuna kati ya hizi inayokaa muda mrefu, isipokuwa limfositi chache zenye kumbukumbu ya maradhi yaliyopita. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10, kisha wengu na ini huziondoa, na uboho hutoa nyingine zipatazo bilioni 100 kila siku. Hapo ndipo biolojia inapokutana na swali la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kuhusu kutoa damu. Mwili ni amana ya Mungu. Mja atawezaje kumpa mwenzake asichokimiliki?

Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera swali hili si la darasani tu. Ugonjwa wa kalazaa huletwa na vimelea vya Leishmania donovani, vinavyoenezwa na usubi wanaojificha katika nyufa za vichuguu. Wajir na Mandera zilipata mlipuko wake mwaka 2000 na 2001. Kimelea hicho hukaa na kuzaana ndani ya makrofaji, seli ile ile iliyopaswa kukiangamiza. Wengu huvimba na kuzuilia chembe za damu, uboho huzidiwa, na mgonjwa hubaki na upungufu wa chembe za aina zote: anapauka, anaambukizwa maradhi mengine, anatoka damu puani. Homa ya Bonde la Ufa nayo iliikumba Garissa baada ya mvua kubwa za 1997 na tena mwishoni mwa 2006, ambapo watu zaidi ya 150 walifariki nchini Kenya. Wengi wa wanaoipata hupona, lakini kwa wachache ini huharibika, chembe sahani hupungua na damu hutoka ovyo. Wachinjaji na wafugaji waliambukizwa kwa kugusa damu ya mifugo iliyougua, na mlipuko wa pili uliangukia msimu wa Idi ya kuchinja.

Kurani imeharamisha kula damu, na aya ya 145 ya sura ya sita inaitaja damu iliyomwagika kuwa uchafu. Ndiyo maana wapo wanaositasita kuwekewa damu. Sura ya pili, aya ya 173, inamwondolea dhambi aliyeshikwa na dharura. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa eneo hili, huruhusu tiba ya kitu najisi kisicho kileo pale kisafi kinapokosekana. Kuhusu amana, jibu liko ubohoni: kinachotolewa hurudi. Atoaye figo hupungukiwa daima, na mjadala wake ni mzito kweli. Atoaye damu hurudishiwa chembe sahani zake ndani ya siku chache na chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa. Kumwita mtu huyo msaliti wa amana ni hoja dhaifu.

Mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Makka liliamua kwamba damu ya mwanamke akiwekewa mtoto mchanga haizai undugu wa kunyonya; hukumu hiyo ni ya maziwa peke yake. Baraza hilo hilo lilikataza kuuza damu, ila anayeshindwa kuipata bure anaweza kuinunua, na dhambi ikawa ya muuzaji.

Kinachobaki ni nani anayewajibika. Kuokoa uhai ni faradhi kifaya: wakiifanya baadhi, wengine wamesamehewa. Lakini chembe sahani haziwekeki akiba. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu zaidi ya mwezi. Chembe sahani huhitaji nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa bila kukoma, na kwa kawaida hutupwa baada ya siku 5. Kwa joto la Garissa, na kwa umbali wa Mandera kutoka Nairobi, siku 5 ni chache mno. Faradhi iliyotimizwa Ijumaa moja inakuwa deni tena Ijumaa inayofuata.

Wasomali wana desturi ya kale ya kulipa diya, yaani fidia ya damu, kwa pamoja: damu ikimwagwa na mmoja, jamaa wote wa kundi lake huchangia ngamia. Desturi hiyo imeshakubali kwamba damu ni jambo la kundi zima. Udhaifu wake ni kuishia kwenye ukoo, ilhali makundi ya damu, A, B, AB na O, hayafuati koo. Mgonjwa anaweza kukosa mtoaji anayemfaa kati ya ndugu zake na kumpata kwa mpita njia. Kwa hiyo mtindo wa kuwaachia jamaa wa mgonjwa watafute damu, ulioenea katika hospitali nyingi, hautoshi kisheria wala kitabibu. Faradhi ni ya mji mzima, na mwanamume mwenye afya anaweza kuitimiza kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.